Waya Katika Gome

Mama yetu alizikwa pembeni. Nieleze hilo kwanza, maana bila hilo habari za mti hazitaeleweka. Kwetu, kando ya msitu wa Kakamega, mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Baba hakuwahi kupeleka mahari, na yeye mwenyewe alitangulia kufa, kwa hiyo mama alirudishwa kwao. Binti anayerudishwa kwao ndani ya sanduku hazikwi mbele ya nyumba. Huzikwa ukingoni mwa boma, karibu na ua, pale shamba linapoishia. Nyuma ya ua wa kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya yetu, ulikuwa msitu wenyewe. Palipokutana ua na msitu palisimama mti mmoja mkubwa, mwiritsa, na chini yake ndipo walipomlaza.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Baada ya matanga sikurudi shuleni. Nilirudi Silanga, Nairobi, kwenye chumba tulichokuwa tukipanga, na Jumatatu asubuhi nikafungua kibanda cha makaa kama mama alivyokuwa akikifungua, kwa sababu ndugu yangu na dada yetu mdogo waliamka na njaa kama siku nyingine zote. Sikuliona kuwa jambo la ushujaa, wala sasa silioni hivyo. Makaa yalikuwepo, mikebe ya kupimia ilikuwepo, wateja walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza.

Msalaba wa mbao tuliomwekea mama uliliwa na mchwa. Udongo ukashuka, nyasi zikatanda, na miaka ilivyozidi kwenda, mtu mgeni angepita juu ya kaburi bila kujua. Sisi tulilijua kwa ule mti. Tukienda nyumbani Desemba, tulisimama ubavuni mwake, upande unaotazama nyumba, tukajua kwamba hapo miguuni petu ndipo alipo. Kwenye shina, usawa wa kichwa changu, ulizungushwa waya wa kijani wenye ganda la plastiki. Mama mwenyewe ndiye aliyeuleta kutoka Nairobi enzi za uhai wake, aliuokota penye ujenzi, akamfungia kukhu kamba ya nguo kutoka mtini hadi kwenye nguzo ya jikoni. Mti ulinenepa na kuumeza ule waya. Ilibaki mikunjo miwili ya gome, kama midomo iliyofumbwa, na kijani kidogo katikati.

Ndugu yake mama, anko wetu, anauza dawa za miti Kawangware. Ana meza nyuma ya soko, na juu yake mikebe ya plastiki yenye mizizi, majani yaliyosagwa na vipande vya magome. Wazee ndio wateja wake wakubwa, hasa wale wanaoamka kila mara kwenda haja ndogo. Hao huwapa gome la mwiritsa. Tulipokuwa wadogo, likizo, alitupeleka kwa ule mti wa kukhu kutuonyesha jinsi gome linavyotolewa. Unatoa upande wa mawio na upande wa machweo, upana wa kiganja tu. Unapaka udongo mahali ulipotoa. Halafu unauacha mti mpaka jeraha lifunge, hata kama mgonjwa ni ndugu yako. Alitwambia mti unakula kwa ngozi yake, na ukiuvua ngozi yote ukauzunguka, umeunyonga.

Lakini mtu akishakaa Kawangware miaka mingi hapandi tena juu ya mti na panga. Gome lilimfikia kwenye magunia, kwa basi, likiletwa na dalali wa kwetu. Anko alimwamini kwa sababu walisema lugha moja.

Siku aliyonipigia simu nilikuwa nampimia makaa mama mmoja wa Nyayo Highrise aliyeishiwa gesi.

"Mama, uko wapi?" Ananiita mama tangu dada yake azikwe. Nilipokuwa msichana iliniudhi, siku hizi naitika.

"Niko kazini, anko."

"Funga. Kuja."

"Kuna nini?"

"Kuja tu. Na ukuje na huyo kijana."

Huyo kijana ni ndugu yangu, wa pili kuzaliwa, ambaye anaendesha bodaboda Kianda. Alikuja kunichukua huku uso umekunjamana, kwa sababu alikuwa ameacha abiria.

"Sista, anko amekufa?"

"Aliyekufa anapiga simu?"

"Siku hizi network iko poa kila mahali."

Tulimkuta anko ameketi nyuma ya meza, mikono magotini. Hakutuuliza habari. Aliinama, akatoa kitu kilichofungwa kwa gunia, akakifungua juu ya mapaja yake kama mtu anayefungua mtoto kumbadilisha nepi. Kilikuwa kipande cha gome, kirefu kama mkono wangu, chekundu kwa ndani, bado kina unyevu. Harufu ya mwiritsa nilikuwa naijua, ni kali na chungu kidogo. Alikigeuza. Upande wa nje kulikuwa na mikunjo miwili iliyokutana, mstari wa kutu, na ndani ya mstari, kipande kifupi cha waya. Alikwaruza kwa ukucha. Kikaonekana kijani.

Ndugu yangu ndiye aliyesema. "Hiyo si ni kamba ya nguo ya kukhu?"

Mzee mmoja alifika na kofia mkononi, akasalimu, akasema dawa yake imeisha.

"Leo hakuna, mzee."

"Na hiyo umeshika ni nini?"

"Hii ni ya nyumbani," anko alisema, akakifunika.

Tulimpigia kukhu palepale, simu ikiwa katikati yetu kwenye meza ili wote tumsikie. Alikuwa na sauti ya kila siku. Aliuliza kama tumekula. Anko akamuuliza mti uko aje.

"Nani amewaambia?"

"Hakuna. Gome lake liko hapa kwangu."

"Ooh," kukhu alisema. "Basi limefika mbali."

Alitueleza kwamba alikuwa amekwenda kwenye mazishi ng'ambo ya mto, akalala huko na akina mama wa kanisa. Aliporudi alikuta mti umevuliwa kutoka mizizini hadi mahali ngazi inapofika, na kamba yake ya nguo imelala kwenye nyasi. Hakutuambia kwa sababu hakuona faida yake. "Ningewaambia mfanye nini? Nyinyi mko huko, mti uko huku."

"Wameuzunguka wote, mama?" anko aliuliza. Ilikuwa wazi kwamba kila kitu kwake kilining'inia kwenye jibu hilo.

"Wote, hapana. Upande wa mtoto wangu hawakugusa."

Hatukuelewa, ikabidi arudie. Wale watu walikuwa wamevua gome pande zote, lakini ule upande unaotazama nyumba, upande wa kaburi, waliacha utepe upana wa bega, kutoka chini hadi juu. Alama za ngazi yao zilizunguka shina zikafika hapo zikakoma. Ili kuvua upande huo ingewalazimu kusimama juu ya mama.

"Lakini kaburi halionekani," ndugu yangu alisema.

"Kwa mgeni," kukhu akajibu. "Hao hawakuwa wageni. Walikula ugali wa matanga hapa kwangu."

Baada ya simu tulikaa. Soko lilikuwa na kelele zake, mtu anatangaza viatu kwa kipaza sauti. Anko alisema polepole kwamba mwezi uliopita alimwambia dalali aongeze mzigo, wateja wamekuwa wengi. Hakusema kutoka mti upi, alisema tu niletee mingi. Alirudia neno hilo, mingi, kama anayelionja.

Nilimwambia hakumpa mtu panga. Nilimaanisha. Lakini nilikiona kile kipande mapajani pake, na nikajua kwamba kumfariji hakutausaidia mti. Alichotaka kujua, na nilichotaka kujua mimi, ni kama utepe ule ungetosha. Mti ukifa utaanguka, ukishaanguka watu watapasua kuni, na mwaka mmoja baadaye tutakuwa tunasimama kwenye nyasi tukibishana mama alikuwa hapa au pale.

Anko alikwenda nyumbani juma hilohilo. Alichanganya udongo wa mfinyanzi na samadi ya ng'ombe, akaupaka mti kama anayekandika nyumba, akaufunga kwa majani makavu ya mgomba. Alipokuwa huko aliingia msituni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akatafuta ile miwiritsa mingine aliyoijua tangu utoto. Aliporudi Kawangware hakutaka kulizungumza, nikamtoa maneno kidogo kidogo. Ilikuwa imesimama, alisema, lakini mikavu, ya kijivu, bila jani. Ukitazama juu unaona mbingu mahali ambapo zamani ulikuwa unaona mbega wakiruka. Na palipo na mbingu, jua linaingia, ardhi inakauka, vichaka vya miiba vinashika, halafu wachoma makaa wanakuja kwa sababu miti tayari imekufa na kuikata hakuonekani kuwa dhambi.

Watu wa kijiji walikuwa na kundi lao la kulinda msitu. Walipiga doria pamoja na askari wa msitu, na walikuwa na kitalu cha miche karibu na shule ya msingi. Anko aliwatembelea. Mwenyekiti, mwanamke wa rika lake aliyecheza naye utotoni, alimuuliza swali moja tu: sisi tunajua wanakata, lakini wanampelekea nani?

"Ukamwambia nini?" nilimuuliza.

"Nikamwambia, mimi."

Tangu siku hiyo aliacha kuuza lile gome. Wazee waliokuja aliwaambia waende hospitali wapimwe kwanza. Wengine walimcheka, wakahamia meza ya jirani ambayo ilikuwa nalo. Dalali alikuja mara moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia kwamba asiponunua yeye atanunua mwingine. Anko akasema ni kweli. Dalali akanyanyuka, akaenda zake.

Miezi ikapita, kisha kukhu akapiga simu kusema mti umezaa kuliko alivyowahi kuona. Matawi yamejaa matunda madogo ya zambarau, ndege hawamalizi. Anko aliposikia hakufurahi. Alisema mti ukijua unakufa huzaa kwa haraka, kama mtu anayegawa nguo zake. Kwa hiyo ilibidi tuchukue mbegu. Lile kundi la kijiji lilizitaka pia, kwa sababu miti mama iliyobaki upande ule ilikuwa ya kuhesabika.

Mimi nikasema nusu zije kwangu. Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Kukhu hawezi tena kuinama kumwagilia, na anko anaishi chumba cha ghorofani. Mimi nina kona nyuma ya kibanda, nina maji, nina vumbi la makaa lisiloisha, na nimezoea kulea nisichozaa.

Matunda yalifika kwa basi ndani ya ndoo ya rangi, yamelainika na kuanza kuchacha. Mimi na dada yangu tuliyamenya kwenye beseni hadi vidole vikawa rangi ya damu iliyokauka. Maji ya kuoshea pamoja na maganda na yale yaliyooza tuliyamwaga nyuma, kwenye lundo la vumbi la makaa ninalolichanganya na udongo na maji kufinyanga madonge ya kupikia. Mbegu safi nilizianika juu ya mabati.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa ujasiri, kwa sababu sisi ni watu wa mahindi. Kwetu mbegu isiyokauka si mbegu. Kukhu mwenyewe alinisisitizia kwenye simu: "Kausha mpaka ilie ukiitikisa." Mabati ya Silanga saa saba mchana yanaweza kukaanga yai. Nilizigeuza kila asubuhi kwa kiganja, nikazifukuzia kuku, na zilipoanza kulia kama mawe kwenye kibuyu niliridhika sana. Nilikusanya paketi za maziwa kutoka kwa mwenye hoteli jirani, nikazijaza udongo wa kando ya Nairobi Dam, nikapanda, nikafunika kwa nyasi.

Hakikuota kitu. Nilimwagilia kama kawaida. Mvua zilikuja, zikaenda. Anko alikuwa akivuka kutoka Kawangware kila Jumapili baada ya kanisa, akichuchumaa mbele ya paketi akiwa amevaa suti yake, akipapasa udongo na kuondoka. Ndugu yangu hakuwa na subira hiyo.

"Sista, hizo paketi afadhali ungepanda maziwa."

"Nenda kazini."

"Na wewe nawe. Mchana unauza makaa, jioni unapanda miti. Mungu mwenyewe hajui akuweke wapi."

"Aniweke hapa hapa karibu na maji."

Alicheka, lakini neno lake lilikaa na mimi, kwa sababu halikuwa la uongo. Makaa yamekuwa ada ya shule ya hao wawili, viatu vyao, dawa zao. Anayenunua kwangu naye ana maharagwe jikoni, na maharagwe hayaivi kwa maneno mazuri. Sikufunga kibanda na sijakifunga. Nilianza tu kuuliza gunia limetoka wapi, na kuvunja kipande nione mti gani, na kama mwenye lori anatazama pembeni anapojibu, simshushii mzigo. Madonge ya vumbi niliyokuwa nikiyatengeneza kwa ajili ya wateja wa mwisho wa mwezi, sasa niliyaweka mbele. Ndugu yangu aliyaita mandazi. Yanauzika.

Kiangazi kilipokolea kukhu alisema mti umepukutisha majani pande tatu. Ule wa nne ulikuwa bado. Nilimuuliza kama umechanua tena, akasema macho yake hayafiki huko juu, lakini haoni ndege. Nilikata simu nikaenda nyuma kufinyanga madonge, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Lundo lilikuwa chini ya turubai, lenye baridi na unyevu kama kawaida. Nilichota kwa koleo upande mmoja. Nilipozunguka upande wa pili, wa kivulini, ambako nilikuwa sijachota kwa muda, nikaona kijani.

Nilidhani ni magugu. Yalikuwa yametoka katikati ya maganda yale tuliyoyamwaga, machache, kila moja na shina jembamba, na vikonyo vya majani vilikuwa vyekundu kidogo. Sikuyang'oa. Nilichuma jani moja, nikalifikicha, nikanusa: ile harufu ya mwiritsa, kali na chungu kidogo.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Dada yangu alinikuta, akafikiri nimeanguka.

Anko hakungoja Jumapili. Alikuja na nguo za kazi, akapiga magoti, akafikicha jani lake mwenyewe akalipeleka puani, nami nikamwuliza kama ni lenyewe.

"Ni watoto wake," alisema. "Hizo zingine tuliziua juu ya mabati. Hii haikauki kama mahindi, mama. Hii inatoka tumboni mwa ndege ikianguka kwenye unyevu. Nilikuwa nikiiona msituni miaka yote, na sikuwahi kufikiri."

Tulimpigia kukhu. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeziua," alisema, na nilipoanza kumtetea akanikatiza. "Wacha. Ziko ngapi?"

Zilikuwa saba. Nilizihamisha kwenye paketi, nikazizungushia wavu wa kuku, nikazihamishia kivulini kwa mama anayeuza mboga kando ya dam, ambaye alinisaidia kuzitazama kati ya sukuma wiki zake. Moja ilikanyagwa na watoto waliofuata mpira. Sita zilikua. Wateja waliuliza ni miti ya nini, nikasema ni ya nyumbani, na kwa Silanga jibu hilo linatosha, kila mtu ana nyumbani kwake kwa namna fulani.

Mvua zilizofuata zilipoanza tulikwenda wote. Ndugu yangu, yule wa maziwa, ndiye aliyebeba sanduku la miche mapajani safari nzima, na hakumruhusu mtu aliguse kwa mguu.

Asubuhi tulipofika kwa kukhu nilikwenda kwanza pembeni. Mti ulikuwa umesimama. Pande tatu ulikuwa kama ufagio uliochakaa, matawi makavu, na udongo alioupaka anko ulikuwa umepasuka na kudondoka. Upande wa nne, utepe ule wa gome ulipanda kutoka kwenye nyasi hadi juu kabisa, na tawi lililoanzia hapo lilikuwa na majani mabichi. Kando ya utepe, gome lilikuwa limeanza kuvimba, likijikunja kuelekea jeraha. Anko alipitisha kidole. Alisema huenda ukaishi, huenda usiishi, upepo ndio utakaosema.

Kundi la kijiji lilikuja kutuchukua kwenda msituni. Mahali pa kupanda palikuwa uwazi mkubwa, si mbali na ua wa kukhu, na nilipoinama kuchimba nikakuta ardhi nyeusi, laini, ya duara. Palikuwa tanuri la makaa. Nililichota lile vumbi mkononi. Naliosha kwenye kucha zangu kila siku, silisahau.

"Aa, kumbe sasa Nairobi inatuletea msitu," mwanamke mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

"Inawarudishia, shangazi."

"Basi warudishe na mvua yetu."

Tulipanda mitano, pamoja na ile mingi waliyootesha wenyewe, mikumari na mitere na mingine nisiyoijua jina. Mwenyekiti alimwonyesha kila mtu mti wake, ili ukifa ajulikane wa kuulizwa. Wa kwangu ulikuwa kwenye duara lile jeusi.

Wa sita tulirudi nao. Anko alichukua jembe, akaelekea pembeni, kwenye kaburi. Tulikuwa tumeshakubaliana njiani: mti mkubwa ukianguka, mdogo utakuwa umeshika zamu, na mama hatapotea.

Kukhu alikuwa ameketi mlangoni. "Unaenda wapi na jembe langu?"

"Pembeni, mama. Kupanda."

"Pembeni pana mti."

"Ule unakufa."

"Haujafa." Alinyanyuka kwa kushika nguzo, akatembea hatua zake fupi hadi katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa nyumba, mahali pasipozikwa binti yeyote, akapiga ardhi kwa fimbo yake. "Chimba hapa."

Anko alimtazama. "Mama, watu watasema."

"Wataacha lini? Walisema nikamweka kule mwisho, na mvua ilikuwa inanyesha." Fimbo iligonga tena. "Huo mti haukuolewa na mtu. Utakaa mbele."

Anko alichimba, na alichimba kwa kina kuliko mche ulivyohitaji. Niliushika mche wima yeye akirudisha udongo, na kukhu akaukanyaga pembeni kwa kisigino, taratibu, akiwa ameshika bega langu. Ndugu yangu alikata fito kando ya msitu, tukazisimamisha kuuzunguka. Hatukuwa na kamba. Anko akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kipande cha gome, ambacho sikujua kwamba alikuwa amekibeba. Alikivunja kwenye ule mstari wa kutu, akachomoa waya. Ulikuwa mfupi. Ndugu yangu akakumbuka ile kamba ya nguo iliyoanguka, akaenda kuitafuta jikoni, akarudi na waya uliobaki, kijani chake kimepauka. Tulizifunga fito kwa huo, tukazungusha na kile kipande kifupi mwishoni.

"Na nguo zangu nitaanika wapi?" kukhu aliuliza.

"Nitakuwekea nguzo," ndugu yangu alisema.

"Leo?"

"Leo, kukhu."

Mbuzi wa jirani alikuwa amesimama kwenye pengo la ua, akiyatazama majani mapya. Kukhu alivua kiatu akamrushia.